Kasufuria ka Muzazi

"We mama Dany, mwili wako unauacha wapi?"

Aliyeuliza hivyo ni Mama Kassimu, jirani wa ng'ambo ya uzio wa matete. Ilikuwa asubuhi, hapa Baraka, yeye na Gentille wamesimama ndani ya maji ya Tanganyika mpaka magotini, kila mumoja akiosha muhogo wake uliokwisha kulowa. Dany, mutoto wa Gentille, alikuwa mugongoni mwa mama yake, amelala, mashavu yamemwagika pembeni.

Gentille akacheka. Halafu akaangalia mukono wake, akaona jirani hakukosea. Ile bangili ya shaba ambayo mama yake alimupatia siku ya ndoa ilikuwa imeshuka mpaka kwenye vidole, na kama asingekunja ngumi ingekwenda na maji. Akaivua, akaifunga kwenye ncha ya kikwembe alichojifunga.

"Kidogo nauacha shambani, kidogo jikoni," akajibu. "Kinachobaki Dany anakula."

"Dany namuona, iko munono kama kitoto cha kiboko. Mi nakuuliza we."

Gentille akainama tena juu ya muhogo wake. Jibu alikuwa nalo, alilijua kama anavyojua jina lake. Lakini lilikuwa jibu ambalo mukamwana, yaani muke aliyeolewa ndani ya nyumba ya watu, halitoi kinywani. Ili muelewe ni jibu gani, lazima turudi kwenye siku ile Dany alizaliwa.

Katika ukoo wa Bertin, mume wa Gentille, kuna desturi nzuri. Ni nzuri kweli, na hakuna wa kuisema vibaya. Mwanamuke akizaa, mama mukwe anashusha kasufuria kadogo kenye kifuniko, ka kumupikia yeye peke yake. Wanakaita kasufuria ka muzazi. Hakuna mukono mwengine unaoingia humo, hata mugeni akifika kutoka mbali, hata baba mwenye nyumba akiwa na njaa. Mama Marthe, mama mukwe wa Gentille, aliishika desturi hiyo kwa mikono miwili. Alimupikia mugebuka mubichi, samaki wa ziwani, ndani ya mawese mekundu. Alimupikia sombe, majani ya muhogo, yenye karanga. Asubuhi uji, muzito, wenye kushika kijiko kisianguke. Na alikaa mulangoni kumuangalia akila.

"Kula, binti yangu. Usiniachie kitu. Ukiacha kidogo, ni maziwa ya mutoto unaacha."

Alisema kweli, na Gentille alilishika neno hilo.

Basi akanona. Shingo ikapata mikunjo, ngozi ikang'aa kama imepakwa mafuta. Siku ya kumupeleka mutoto kanisani kumushukuru Mungu, alivaa kikwembe kipya na blauzi iliyoshonwa kwa kipimo cha unono ule. Mama Marthe alitangulia mbele akicheza, anapiga vigelegele, mikono juu: "Mumuone! Kwetu hatunyimi! Kwetu muzazi anakula!" Na watu wakamushukuru nani? Wakamushukuru Mama Marthe. "Mama, unajua kutunza muzazi!" Naye akapokea sifa zake, na alistahili, tusimunyang'anye.

Lakini siku hiyo hiyo, wageni walipokwisha kuondoka, Mama Marthe alisugua kale kasufuria kwa majivu na muchanga mpaka kakang'aa, akakatundika kwenye musumari juu ya mulango wa jiko.

"Haya, muzazi ametoka," akasema.

Kesho yake akamupatia Gentille jembe.

Jamani, ni nani aliyewadanganya watu kwamba siku mama anavaa kikwembe kipya kanisani, maziwa yanaanza kutoka hewani? Dany hakujua kwamba muzazi ametoka. Dany aliendelea kunyonya vilevile, tena zaidi, maana alikuwa anakua. Ananyonya mama akitoka shambani na udongo kwenye miguu, ananyonya mama akitwanga, ananyonya mama akipumzisha mutungi wa maji njiani. Na mama huyo alikuwa anakula nini?

Bugali ilitoka kwanza kwa baba mukwe Alphonse na wageni wake. Alphonse ni muzee wa kanisa, na muzee wa kanisa hakosi wageni, hasa saa ya samaki. Kisha wakala Mama Marthe na mabinti zake. Gentille, aliyesonga bugali hiyo mpaka mabega yakauma, alikula mwisho, amechuchumaa karibu na mafiga, na chakula chake ni ukoko aliokwangua mwenyewe, na muchuzi ambao samaki alipita ndani, akasalimia, akaondoka.

Hakuna aliyemupiga. Hakuna aliyemutukana. Ndiyo maana ilikuwa vigumu hata kuanza kusema. Ubaya wenye kelele majirani wanausikia na kukimbilia, lakini huu ulikuwa ubaya wenye adabu, unaosali kabla ya kula.

Kinachouma zaidi ni habari ya mbuzi. Mama Marthe alikuwa na mbuzi jike lililozaa mapacha, na kila jioni Gentille alitumwa, na Dany mugongoni, kukata majani ya viazi kwa ajili yake.

"Umuongezee," Mama Marthe alikuwa akisema kutoka kwenye mukeka. "Na chumvi usisahau. Mbuzi mwenye kunyonyesha hafungwi kamba fupi."

Gentille akamuongezea. Akasimama pale akiangalia mbuzi anavyotafuna, na mate yakamujaa kinywani. Musicheke. Muntu aliyekuwa analijua jambo hilo kwa mbuzi wake, alishindwaje kulijua kwa muke wa mutoto wake?

Mutasema: kwa nini hakufungua kinywa? Mama yake muzazi, kule Makobola, alimufundisha hivi kabla ya ndoa: kwa wakwe unaweza kusema umechoka, unaweza hata kusema unaumwa, lakini njaa usiseme. Mukamwana akisema ana njaa, ni kama amemuvua mama mukwe nguo barabarani. Gentille alilelewa vizuri. Kulelewa vizuri ndiko kulikokuwa kunamukausha.

Siku moja alipita sokoni na furushi la kuni kichwani. Faida, dada mwenye kusuka nywele pale karibu na barabara, akamuita kwa sauti ya kuamusha soko zima.

"Dada Gentille! Ile tumbo ya uzazi ulitupa wapi? Yangu inakatala kurudi! Nimekunywa ndimu, nimejifunga kitambaa mpaka nashindwa kupumua, bure. Unipe siri, dada."

Gentille akasimama chini ya kuni zake.

"Siri iko moja tu," akasema. "Ukule wa mwisho. Na bugali usonge we mwenyewe."

Wanamuke wakacheka, Faida akaangusha kitana chake. Gentille naye akacheka. Alipokwisha kupita soko, machozi yakaanza kushuka, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa inashika kuni.

Maneno hayana mulango. Yalimufikia Mama Marthe kisimani, yakamufikia kanisani. "Kwa Marthe chakula kimekwisha?" "Mukamwana wake amekuwa kama mti wa muhogo." Wengine wenye midomo mibaya walisema: "Bwana yuko Misisi kwenye dhahabu, nani anajua anamuletea nini?" Maana Bertin alikuwa anachimba huko Misisi, anarudi mara mojamoja kwa pikipiki, amechoka, na udongo mwekundu kwenye masikio.

Mama Marthe alikasirika. Angeweza kuinua macho tu, musumari ulikuwa pale juu ya mulango, anapita chini yake kila siku. Lakini hasira yake haikwenda kwenye musumari. Ilikwenda kwa Gentille. "Unaniharibia jina," akamuambia. Na alipochoka kumulaumu mama, akageukia mutoto. Dany! Mutoto mwenye meno mawili!

"Mi nawaambia, huyu mutoto anakula mama yake," akaanza kusema kwa wageni. "Muangalie vizuri. Yeye anapanda, mama anashuka."

Ndiyo, mama, ndivyo Mungu alivyopanga! Kinachotoka kwa mama kinaingia kwa mutoto, tangu Hawa. Jambo la kuangalia lilikuwa moja tu: kinachoingia kwa mama. Hapo ndipo hakuna aliyeangalia.

Hata muganga, yule mwanamuke anayepima watoto kwenye kituo cha afya, aliuliza. Alimupima Dany, akafurahi. Alimuangalia Gentille, akaacha kufurahi.

"Mama, kunyonyesha kunapunguza mwili kidogo kidogo, hiyo si ugonjwa. Lakini we umepungua kupita. Mwenye kunyonyesha anakula kuliko zamani. Unakula?"

Mama Marthe alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile, bega kwa bega naye.

"Nakula," Gentille akasema.

Basi shauri likapelekwa kwa Mama Émilienne, mukubwa wa wamama wa maombi. Mama Émilienne ni mwanamuke wa Mungu, hakuja kwa ubaya. Alifika na Biblia yake na wenzake wawili, akamushika Gentille kichwani, akaomba mpaka jasho likamutoka. Halafu akasema:

"Binti, hii si ya mwili, ni ya kiroho. Tutafunga. Jumatano na Ijumaa hutakula, hutakunywa hata maji, mpaka jua likielekea kuzama."

"Mama, nanyonyesha."

"Njo maana. Adui amekaa pale pale kwenye ziwa la kunyonyesha."

Gentille alimupenda Mungu, na bado anamupenda. Akafunga. Muntu ambaye shida yake ni kukosa chakula, akaambiwa dawa yake ni kukosa chakula! Akafunga akiwa na jembe mukononi, chini ya jua la Baraka ambalo halijui kufunga. Na malaika, alipomukuta nabii amechoka amelala chini anaomba kufa, alimuambia afunge? Alimupikia mukate. Akamuachia na maji. Wamama wote wa maombi wanaijua habari hiyo, wanaihubiri, wanaiimba. Siku hiyo hakuna aliyeikumbuka.

Maziwa yakaanza kukauka. Dany anavuta, anaachia, anarusha kichwa nyuma, analia. Yale mashavu yakaanza kushuka. Na Mama Marthe, Mungu amusamehe, alipoona hivyo alifurahi.

"Munaona? Mutoto naye anapungua. Ile roho inaanza kumutoka."

Ijumaa moja Gentille alikuwa tena ndani ya maji, anaosha muhogo. Dany alikuwa amekaa muchangani, analia kwa sauti ndogo kama mulango unaohitaji mafuta. Gentille akaona maji yanakuwa meusi, halafu hakuona tena. Aliyemuvuta ni Mama Kassimu, kwa nguvu za mwanamuke aliyezoea kuvuta nyavu. Akamupeleka nyumbani kwake pamoja na Dany, akamukalisha, akamuwekea chai yenye sukari na mikate ya mafuta.

"Kunywa."

"Siwezi, mama. Nimefunga."

"Umefunga? Mwenye ziwa?"

"Ni maombi. Wamama walisema."

Mama Kassimu akaweka mikono kiunoni. "Sikia, mi ni Mwislamu. Mwezi wa Ramadhani, Kassimu akiwa kwenye ziwa, shehe mwenyewe aliniambia: we mama, kula, utalipa siku zingine. Mwezi mutukufu, mwezi muzima! Na Mungu hakunikasirikia. Huyu Mungu wenu iko mukali kuliko wetu, ao ni bamama njo bakali?"

Gentille akashika kikombe. Akanywa, na machozi yakawa yanaingia humo humo ndani ya chai. Alipomaliza mikate, Mama Kassimu akaongeza mingine bila kuuliza.

"Sasa uende useme kwao. Mi nikisema, watasema Mama Kassimu anaingilia mambo ya nyumba ya watu."

"Mukamwana hasemi njaa."

"Haya, nyamaza basi. Dany atasema. Lakini Dany anajua neno moja tu, na unaona wanavyolitafsiri."

Dany alikuwa analilia kwenye goti la mama yake. Gentille akamunyonyesha hapo, akamusikiliza anavyomeza. Alikuwa ameanza kusahau sauti ya mutoto anayemeza.

Jumapili iliyofuata Bertin alifika kutoka Misisi, maana mama yake alimutumia ujumbe kwamba nyumba yake inakufa. Alipomushika muke wake mukono ili kumusalimia, akaushika kama muntu anayeshika kitu ambacho si chake.

"Gentille, unaumwa nini?"

Gentille akamutazama, kisha akamutazama mama mukwe, akaenda kumuwekea mume wake maji ya kuoga.

Wakakaa uani baada ya ibada: baba mukwe Alphonse kwenye kiti chake, Mama Marthe na Mama Émilienne kwenye mukeka, Bertin kwenye kigoda, Gentille pembeni na mutoto. Pembeni ya Mama Marthe kulikuwa na kikapu kilichofunikwa. Gentille aliona ncha ya kofia ya Dany imetokeza. Nguo za mutoto zilikuwa zimekwisha kukunjwa.

"Tumeshauriana na baba yenu," Mama Marthe akaanza. "Mutoto ataachishwa ziwa. Kesho anapanda Fizi, kwa shangazi yake, atakunywa maziwa ya kopo. Na mama atakaa kwenye chumba cha maombi mpaka mwili urudi. Tukiwaacha pamoja tutazika mumoja."

"Ni kweli, mama," Mama Émilienne akaitikia, lakini polepole, akimuangalia Gentille kama muntu anayemuona mara ya kwanza mchana.

Bertin akakuna udongo kwenye kucha. "Kama wazee mumeona vile..."

Kama wazee wameona vile! Mwanaume anayeteremuka ndani ya shimo refu bila kuogopa jiwe kumuangukia, akamuogopa mama yake kwenye mukeka. Na mutoto mwenye meno mawili akapewa safari ya Fizi, ndani ya kikapu, kwa kosa la kunyonya.

Alphonse akakohoa. Yeye hakuwa muntu mubaya, alikuwa muntu ambaye hajawahi kuona sufuria ikiwa tupu, kwa sababu yeye huipata ikiwa imejaa. Akauliza jinsi desturi inavyotaka, na tayari akishika fimbo yake ili asimame:

"Muke wa Bertin, una neno?"

Jibu la mukamwana linajulikana. *Sina neno, baba.* Wote walikuwa wanalingoja ili waombe na kuachana.

Gentille akasimama. Akamupanga Dany vizuri kiunoni, akaenda jikoni. Wakafikiri anakwenda kulia huko, na Mama Marthe akafanya mukono kama kusema, mumuache. Wakasikia kigoda kinavutwa. Wakasikia kitu cha chuma kinagonga ukuta.

Akarudi na kale kasufuria. Kalikuwa na vumbi, na ndani buibui alikuwa amejenga nyumba yake, ndiye pekee aliyekuwa anakula humo tangu siku ile ya kanisani. Akakaweka chini, katikati yao, karibu na kikapu cha nguo.

"Ile ya nini?" Mama Marthe akauliza. "Muzazi alikwisha kutoka."

Gentille akapiga magoti, jinsi alivyofundishwa Makobola.

"Mama, ulikaa mulangoni ukaniambia, nikiacha kidogo, ni maziwa ya mutoto naacha. Sikusahau neno lako hata siku moja. Chakula chako kilinijenga, nakushukuru. Tangu ulipokatundika, nakula ukoko. Nina njaa, mama. Siumwi. Nina njaa."

Bertin aliacha kukuna kucha. Mama Émilienne akafunga Biblia yake, akaishika kifuani kwa mikono miwili, na midomo yake ikatingishika bila sauti. Pembeni ya jiko mbuzi akalia, akavuta kamba yake ndefu, akafika kwenye majani ambayo Gentille alimukatia asubuhi kabla ya ibada. Alphonse akamuangalia mbuzi. Akaangalia buibui ndani ya kasufuria. Akarudi kukaa kwenye kiti, akamuangalia muke wake, na Mama Marthe akainamisha macho kwenye mukeka.

"Sema unachotaka, binti yangu," Alphonse akasema.

Na Gentille akasema:

"Baba, mama, naomba kasufuria haka karudi motoni. Nikule humo kila siku, mpaka Dany aache ziwa mwenyewe. Na asiende Fizi."